Je, Wajua? Bangi ina namba yake hospitalini

Sogea, benchi lina nafasi. Kashata ipo, kahawa ipo, na leo tunasoma zile herufi na tarakimu ambazo daktari huziandika kwenye karatasi yako ukabaki unazikodolea macho. Tumechagua kitu kimoja tu: bangi.

Je, wajua kwamba bangi, ganja, msuba, ndumu, ngwai, skanka na "cha Arusha" vyote vinaingia kwenye herufi moja na tarakimu mbili? Ni F12. Mtaa uite utakavyo. Kwenye ICD-10, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO), jina ni hilohilo moja.

Tuelewane mapema: huo unaitwa msimbo, si kodi. Kodi anadai mwenye nyumba. Ila usicheke sana, maana mwaka 1937 Marekani iliibana bangi nchi nzima kwa sheria ya kodi kwelikweli!

Je, wajua herufi F inasimamia nini? Afya ya akili na tabia, yote kwa pamoja. Vilevi vimepangwa humo kama vyumba vya gesti: pombe F10, afyuni na heroini F11, bangi F12, dawa za usingizi F13, kokeini F14, mpaka tumbaku F17.

Na hicho kikombe ulichoshika? Kina chumba chake pia, mwenzangu. Kafeini ya chai na kahawa inakaa F15, nyumba moja na vichangamshi vingine. Kunywa tu, sikukatazi.

Ngoja, kahawa ina kituko kingine. Kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, kinataja makundi 10 ya vilevi, na 9 yanaweza kumpa mtu ugonjwa wa matumizi. Lililosalia peke yake ni kafeini: arosto yake inatambuliwa, uraibu wake bado.

Je, wajua tarakimu moja baada ya nukta inaweza kubadili hadithi nzima? Kwenye orodha ya WHO, F12.0 ni mtu aliyelewa sasa hivi, F12.1 ni matumizi yenye madhara, F12.2 ni utegemezi, F12.3 ni arosto. Zinaendelea hivyo mpaka .9, ngazi 10 kamili.

Wengi hapa kijiweni, ukitaja bangi, wanawaza hospitali ya akili ya Mirembe moja kwa moja. Basi shika hili: kupoteza uhalisia, yaani kusikia sauti zisizokuwepo au kuamini kwamba watu wote wanakuwinda, ni F12.5. Ni ngazi moja kuu kati ya 10, na nyingi zilizobaki hazina hata chembe ya maruweruwe.

Wamarekani, kama kawaida yao, wana toleo lao la ICD-10. Kwao tarakimu ya kwanza baada ya nukta ni tatu tu: 1 kwa matumizi mabaya, 2 kwa utegemezi, 9 kwa matumizi ambayo hayajaainishwa. Hakuna 3, hakuna 4. Maelezo mengine yanasukumwa mbele zaidi.

Sasa kamata kikombe vizuri usimwage. Kwa Mmarekani, F12.20 ni mtu mwenye utegemezi wa bangi. Kwenye mwongozo wa WHO wa ICD-10, F12.20 hiyohiyo ni mtu mwenye utegemezi ambaye kwa sasa haigusi kabisa!

Je, wajua Marekani ilichelewa kiasi gani kuingia ICD-10? WHO iliipitisha mwaka 1990. Wamarekani wakaanza kuitumia hospitalini 1 Oktoba 2015. Miaka 25! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa ameshamaliza chuo.

Kabla ya hapo bangi haikuwa hata na herufi kwao. Utegemezi uliandikwa 304.30, matumizi mabaya 305.20. Ukikuta faili la zamani la Marekani lenye namba hizo, sasa unaweza kulisoma bila mkalimani.

Walipohama, misimbo iliruka kutoka karibu 14,000 hadi karibu 70,000. Waliongeza nini humo? W61.62 ni mtu aliyegongwa na bata. Naapa, bata! Na V91.07 ni aliyeungua kwa sababu mbao za kuteleza juu ya maji zimeshika moto, na uniambie wewe moto ule ulitokea wapi.

Msimbo mmoja wa Marekani unaweza kuwa na herufi na tarakimu 7. Kwenye majeraha na sumu, ya mwisho ni herufi: A ni wakati wa matibabu yenyewe, D ni kipindi cha kupona, S ni madhara yaliyobaki baadaye. Yaani bata yuleyule anaweza kukuandikia kurasa tatu.

Je, wajua mtoto aliyekula pipi yenye bangi bila kujua hapelekwi kwenye F12? Anaandikiwa T40.711, sumu ya bangi kwa bahati mbaya. Hana uraibu wowote, masikini. Alidhani ni peremende tu.

Tarakimu inayofuata baada ya T40.71 ndiyo inayosema mambo yalitokeaje. Moja ni bahati mbaya, 2 amejidhuru makusudi, 3 amefanyiwa na mtu, 4 haijulikani, 5 ni madhara ya dawa iliyotumika sawasawa. Kama daftari la polisi, lakini ni la daktari.

Na 6? Keti vizuri. T40.716 maana yake mgonjwa ametumia bangi pungufu ya kipimo alichoandikiwa! Umesikia sawa: upo msimbo wa mtu aliyevuta kidogo mno.

Usidhani ni mzaha. Dronabinoli, kilevi cha bangi kilichotengenezwa maabara, iliruhusiwa Marekani mwaka 1985 kuwa dawa ya kutuliza kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani. Palipo na dozi, kuna wanaoiruka.

Tena bangi yenyewe ilikuwa kwenye kitabu rasmi cha dawa cha Marekani tangu mwaka 1850. Ikatolewa mwaka 1942. Miaka 92 kabatini kwa mfamasia, halafu ikatupwa nje!

Hata kichanga ana msimbo wake. P04.81 ni mtoto mchanga aliyeathirika kwa mama kutumia bangi. Hajatamka "mama" na tayari ana namba.

Je, wajua kuvuta tu hakumpi mtu msimbo wa F12.9? Kanuni za Marekani zinataka daktari aandike wazi kwamba matumizi hayo yanahusiana na tatizo fulani la kiafya. Bila uhusiano huo, mwandishi wa misimbo anaweka kalamu chini.

Na mkojo je? Kwa mvutaji wa kila siku, mabaki ya bangi yanaweza kuonekana kwenye mkojo hata mwezi mzima baada ya kuacha. Lakini kipimo kinaonyesha kilichopita mwilini tu. Uraibu hautambuliwi kwa kikopo. Daktari lazima akae na mtu wasikilizane.

Hebu sema daktari mmoja kaandika "matumizi", wa pili "matumizi mabaya", wa tatu "utegemezi", wote kwa mgonjwa mmoja. Zinaandikwa namba ngapi? Moja! Utegemezi unawameza wenzake wote.

Geuka upande huu sasa, tufungue DSM-5 ya mwaka 2013. Kitabu hiki kilichukua "matumizi mabaya" na "utegemezi", kikavikoroga kuwa ugonjwa mmoja wa matumizi ya bangi. Kina dalili 11, na ukiwa nazo 2 tu ndani ya miezi 12, zikikuletea matatizo au mateso ya kweli, umo.

Uzito unahesabiwa kama mabao. Dalili 2 au 3 ni hafifu, 4 au 5 ni wastani, 6 na kuendelea ni kali. Hakuna mashine, hakuna picha ya ubongo. Ni kuhesabu vidole, vya mikono yote na kimoja cha mguu.

Piga hesabu nami. Kwa dalili 11, njia za kuwa na angalau 2 ni 2,036! Watu 2,036 wanaweza kupewa jina moja la ugonjwa, na wasiwepo wawili wenye orodha inayofanana sawasawa.

Je, wajua kukamatwa na polisi kuliwahi kuwa dalili? Kwenye toleo la nyuma la kitabu hiki, matatizo ya kisheria ya mara kwa mara yalihesabiwa. Mwaka 2013 yakafutwa, na mahali pake ikaingia hamu: ile kiu ya bangi inayomkaba mtu koo.

Hapa pana utani mwingine wa namba. Hafifu inapewa F12.10, lakini wastani na kali zote zinapewa F12.20. Mwenye dalili 4 na mwenye dalili zote 11 wamevaa jezi moja.

Na kama bangi ni dawa uliyoandikiwa na daktari, unaifuata kwa usimamizi wake? Basi mwili kuizoea, na arosto ukiikosa, havihesabiwi. Dalili 11 zinabaki 9 palepale.

Arosto ya bangi, wazee wengi walikuwa wanaikana. "Bangi haina arosto, ni majani tu!" Hata kitabu cha Marekani hakikuitambua mpaka mwaka 2013, kisha kikaikubali kwa dalili 7, na ukiwa na 3 inatosha.

Zipi hizo? Hasira, wasiwasi, usingizi mbovu, chakula kutopita, kutotulia, huzuni, na mwili wenyewe kugoma kwa jasho, kutetemeka au tumbo. Nyingi huanza ndani ya siku 1 hadi 3, na wiki ya kwanza ndiyo kali. Ongeza ndoto za ajabu, zile za kukimbizwa.

Kitabu kilipoikubali arosto, orodha ya misimbo ya Marekani ilikuwa bado haina chumba chake. Ikapangishwa kwenye F12.288, chumba cha "mengineyo", kuanzia 2015. F12.23, nyumba yake yenyewe, ilifunguliwa 1 Oktoba 2018.

Sogea karibu, hii inashangaza hata manesi. Wapo wavutaji wa muda mrefu wanaotapika na kutapika, na kinachowatuliza ni kuoga maji ya moto! Madaktari wa Australia waliieleza hali hii mwaka 2004, na wengine hukaa bafuni saa nzima.

Bangi hiyohiyo inayosifiwa kutuliza kichefuchefu ndiyo inayowatapisha. Kwa miaka mingi kutapika huku hakukuwa na namba yake. Marekani iliipa R11.16, ikaanza kutumika 1 Oktoba 2025. Namba bado ina unyevu wa wino.

Je, wajua bangi na UVIKO-19 ni majirani wa mlango kwa mlango? Mwaka 2019 Wamarekani walianza kulazwa kwa mapafu kuharibika baada ya kuvuta kwa vifaa vya umeme, wengi wakiwa wamevuta mafuta ya bangi. Waliolazwa au kufariki walifika 2,807, waliokufa 68. Tatizo hilo likapewa U07.0, na miezi michache baadaye ugonjwa mpya ukapewa U07.1.

Wangapi wanavuta duniani? Umoja wa Mataifa ulikadiria watu milioni 228 kwa mwaka 2022. Marekani peke yake, mwaka huohuo, watu milioni 19 wenye umri wa miaka 12 na zaidi walikadiriwa kuwa na ugonjwa wa matumizi ya bangi.

Geuza upande wa pili uone. Makadirio ya Marekani yanasema kati ya wavutaji 10, takriban 3 wana ugonjwa huo. Wale 7 hawana, hata kama macho yamewaiva.

Bangi ya leo nayo si ile ya babu. Sampuli zilizokamatwa Marekani mwaka 1995 zilikuwa na kilevi, THC, karibu asilimia 4. Mwaka 2014 kilifika karibu asilimia 12. Mara tatu ndani ya miaka 19!

Na nani aliyekuwa na shamba halali la bangi la serikali wakati watu wanafungwa? Chuo Kikuu cha Mississippi. Kinailima kwa ajili ya utafiti tangu mwaka 1968.

THC yenyewe ilitengwa ikajulikana mwaka 1964, Israeli, na Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni. Mechoulam aliomba hashishi kwa polisi, akapewa kilo 5, akapanda nazo basi la abiria! Abiria wakabaki wanauliza ile harufu inatoka wapi.

Mwaka 1992 maabara yake ikagundua kwamba ubongo wetu unajitengenezea kitu kinachofanana na bangi. Wakakiita anandamidi, kutoka neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha. Kumbe kiwanda kidogo tunacho kichwani, na hakuna anayetukamata.

Maneno nayo yamesafiri. "Bangi" na "ganja" yote mawili yametoka Bara Hindi, yakavuka bahari hii yetu pamoja na bidhaa na mabaharia. Majahazi yaliondoka, maneno yakabaki.

Bangi bandia, ile ya kunyunyizia kemikali kwenye majani makavu, wengi huidhani ni ndugu mpole wa bangi. Moja ya kemikali zake inaitwa JWH-018, na JWH ni herufi za jina la mkemia John W. Huffman, aliyeiunda kwa utafiti tu. Kwenye orodha mpya ya WHO bangi bandia imetengwa na bangi ya shamba, ina msimbo wake: 6C42.

Orodha mpya ipi? ICD-11, rafiki yangu! Ilipitishwa Mei 2019, ikaanza rasmi 1 Januari 2022, na humo bangi imebadilishiwa jina kutoka F12 kuwa 6C41. Wamarekani bado wako na ile ya zamani, na unawajua kwa kuchelewa.

Je, wajua ICD-11 haitumii herufi O wala I kwenye misimbo yake? Ziliachwa makusudi zisichanganywe na 0 na 1. Na alama ya pili daima ni herufi, ili 6C41 usiifananishe na msimbo wa zamani hata ukiwa umesinzia.

Orodha ya zamani ilikuwa na dalili 6 za utegemezi, ikidai 3. Mpya ina 3 kuu, inadai 2: kushindwa kujizuia, bangi kutangulizwa mbele ya kila kitu, na mwili kuizoea. Kwa mvutaji wa kila siku, miezi 3 inaweza kutosha kumtambua.

Jambo jingine jipya: ICD-11 inahesabu pia madhara ya kiafya anayoyapata mtu mwingine. Amevuta, akaendesha, akamgonga jirani? Zamani msimbo ulitazama madhara ya mvutaji peke yake. Sasa na mguu wa jirani uliovunjika unahesabika.

Na ukishuka ngazi chache kutoka 6C41 unamkuta nani? 6C50, kamari, na 6C51, michezo ya video. Wewe unayechungulia mkeka wako wa kubeti kwenye simu, nimekuona.

Haya yote yalianza na orodha ya vifo. Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha orodha ya visababishi vya vifo mjini Chicago mwaka 1893, na toleo lake refu lilikuwa na vichwa 161. ICD-11 ina takriban 17,000!

Familia ile ilipenda kuorodhesha hasa. Mdogo wake Jacques, Alphonse Bertillon, ndiye aliyewapanga wahalifu kwa vipimo vya mwili na kuweka utaratibu wa zile picha za polisi, uso mbele na uso ubavuni. Mmoja kafungua mafaili ya wagonjwa, mwenzake ya wezi.

Je, wajua uraibu wa heroini una dawa yake, methadoni, na kliniki ya hospitali ya Muhimbili inaitoa tangu mwaka 2011, lakini bangi haina dawa ya namna hiyo? Mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha hata moja kwa ugonjwa wa matumizi ya bangi. Kazi kubwa inafanywa kwa mazungumzo, kikao baada ya kikao.

Na wanaoacha wapo! Kwa DSM-5, ukikaa miezi 3 bila dalili, umeingia nafuu ya mwanzo. Ukifikisha 12, ni nafuu ya kudumu. Hamu peke yake inaruhusiwa kubaki: unaweza kuitamani ukinusa moshi dirishani na bado ukahesabiwa una nafuu.

Lakini sikia hili. Mpaka mwaka 2017, Mmarekani aliyekuwa na tatizo hafifu akaacha kabisa aliendelea kubeba F12.10 ileile ya mvutaji. Tarehe 1 Oktoba mwaka huo ikazaliwa F12.11, yaani alikuwa nalo, sasa ana nafuu.

Kabla hujasimama, nikupime. Wewe ni daktari wa zamu Marekani, mezani una mafaili matatu: F12.121, F12.251 na F12.21. Usinitazame mimi, soma tarakimu.

La kwanza: matumizi mabaya, amelewa, anaweweseka. La pili: utegemezi, na anaona au kusikia visivyokuwepo. La tatu je? Ni fupi kuliko yote. Alikuwa na utegemezi, ana nafuu. Mwambie apite, tumsogezee kikombe.